Mafiga Matatu ya Hanoi

SWALI: Mwanangu wa mwisho anasoma Hanoi, Vietnam. Januari 2025 alinitumia video ya watu wazima kando ya ziwa wakimimina majini samaki wekundu, wazima kabisa. Nilipomuuliza akasema wanamsafirisha mungu wa jiko. Sijalala vizuri tangu hapo. Ni ushirikina gani huo?
Mama Wanne, Morogoro

JIBU: Shikamoo mama. Lala usingizi, hakuna anayemdhuru mwanao. Nilisoma Hanoi miaka minne, nimepanga kwa bibi mmoja mjane, na samaki hao nimewabeba mwenyewe kutoka sokoni.

Ni tarehe 23 ya mwezi wa 12 kwa kalenda yao ya mwandamo. Mwaka huo iliangukia 22 Januari, wiki moja kabla ya Tết, mwaka wao mpya. Siku hiyo Ông Táo, mlinzi wa jiko, hupanda mbinguni kueleza nyumba imeishije mwaka mzima. Usafiri wake ni samaki anayeitwa kwao cá chép.

Nilimuuliza bibi kwa nini samaki watatu, na kwa nini kofia tatu za karatasi, mbili zenye mabawa na moja haina. Akaniambia Ông Táo ni watu watatu, nao ndio mafiga. Mama, niliduwaa. Mafiga haya haya yetu! Jiko lake lilikuwa la gesi, ila mafiga ya udongo ya mama yake aliyahifadhi uvunguni.

Hadithi yenyewe inauma. Mke aligombana na mumewe, akaondoka, akaolewa kwingine. Yule wa kwanza akajuta, akamtafuta hadi akaishia kuombaomba, siku moja akabisha hodi kwa mkewe bila kujua. Mwanamke akampa chakula, kisha akamficha kwenye rundo la mabua ya mpunga mume asije akamdhania vibaya. Mume wa pili akarudi, akayachoma mabua apate majivu ya shamba, bila kujua kuna mtu ndani. Mke alipoona, akajitupa motoni. Mume wa pili naye akamfuata. Mbinguni wakahurumiwa, wakakabidhiwa jiko, wote watatu pamoja. Kofia isiyo na mabawa ni ya mwanamke.

Kwa hiyo bibi hakutaka ugomvi jikoni kwake, na usiku wa kuamkia siku hiyo alisugua jiko mpaka mafuta yote yakatoka. Mimi ni mtu wa dini yangu na sikuombwa kusujudu. Niliombwa kubeba ndoo.

Kinachonisikitisha ni mifuko ya plastiki; wengine hutupa samaki na mfuko wake. Ndiyo maana kwenye daraja la Long Biên, lililojengwa na Wafaransa kati ya 1899 na 1902, vijana wa kujitolea husimama na mabango ya kuwasihi watu wasitupe mifuko, wakipokea samaki na kuwashusha taratibu hadi Mto Mwekundu kwa ndoo na kamba. Mwambie mwanao mwakani aende pale mapema asubuhi. Mikono ya kushika kamba huwa haitoshi.