Familia nzima ufukweni: bwawa la pamoja na swala ya safari

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Tuko watu 23: wazazi wetu, sisi ndugu sita na wake na waume zetu, na watoto tisa. Tumekodi nyumba ya mapumziko iliyojitenga ufukweni, kilomita 120 kutoka kwetu. Tutaondoka baada ya swala ya Ijumaa na kurudi Jumapili jioni. Kaka anasema tupunguze swala zote (za rakaa nne ziwe mbili) na kuziunganisha (mbili kwa wakati mmoja). Dada anasema safari ya starehe haina ruhusa hiyo. Mke wangu naye anauliza: kwa kuwa hakuna watu wa nje, anaweza kuogelea bwawani pamoja nasi sote? Na maji ya tangi yakiisha, tutawadhe kwa maji ya bahari?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na swali la mkeo, maana ndilo zito. Mnasema hakuna watu wa nje. Nje ya ukoo, sawa, lakini sheria haiangalii ukoo, inaangalia umaharimu, yaani nani ameharamishiwa nani kuoana milele. Baba yako ni maharimu wa mkeo milele, hata ukimwacha leo. Kaka yako siye. Ukifa wewe, eda ikiisha anaweza kumposa. Waume wa dada zako kwake ni hivyo hivyo, na wake wa kaka zako kwako pia.

Katika hadithi ya Uqba bin Amir, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza wanaume kuingia kwa wanawake. Mtu mmoja katika Ansari, Waislamu wa Madina, akauliza, je, hamu? Akajibu: "Hamu ni mauti." Imamu Nawawi, mwanachuoni aliyeisherehesha hadithi hii, ameeleza kuwa hamu hapa ni jamaa za mume wasiokuwa baba yake na wanawe. Mgeni akibisha hodi, watu hujistiri. Shemeji habishi hodi, anaingia na taulo begani akiuliza chai iko wapi.

Basi bwawa ligaweni kwa saa. Wanawake wawe na zamu yao, wanaume na yao, na pazia za vyumba vinavyoelekea bwawani zifungwe. Hata zamu ya wanawake ina stara yake. Na msidanganywe na neno "kujitenga": anayekuja alfajiri kutia dawa ya bwawa ni nani? Muulizeni mwenye nyumba saa zake za kazi, na kamera za ulinzi zimeelekezwa wapi. Hili la kamera wengi hulikumbuka wameshalowa.

Angalieni pia faragha, yaani mwanamume na mwanamke wasio maharimu kubaki peke yao. Wote wameshuka pwani, mmoja kabaki na mtoto aliyelala, na shemeji karudi kuchukua miwani. Hapo pana wawili ndani ya nyumba. Ama kula meza moja na kuzungumza kwa heshima mkiwa wengi, hakuna ubaya.

Kuhusu swala, dada amekaza mno. Matembezi ya halali ni safari halali, na kwa madhehebu ya Shafi umbali wa kupunguza ni kilomita 80 na ushei; nyinyi mmeuvuka. Kukaa kwenu hakufiki siku nne kamili, kwa hiyo hukumu ya safari inabaki. Umar (r.a.) alipomuuliza Mtume kuhusu kupunguza ilhali watu wako katika amani, alijibiwa kuwa ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni. Anzeni kupunguza mkishatoka mjini, si sebuleni mkifunga mabegi. Magharibi na Alfajiri hazipungui, na atakayeswali nyuma ya imamu mkaazi atimize nne.

Kaka naye amelegeza kidogo. Kuunganisha kunajuzu, lakini Mtume alipokuwa Mina, karibu na Makka, katika Hija alipunguza bila kuunganisha, akaswali kila swala kwa wakati wake. Nanyi mmeshatua, mna paa na kivuli. Unganisheni mkiwa barabarani. Mkifika, swalini jamaa kila kipindi. Watu 23 ni safu nzuri, na watoto waone.

Maji ya bahari yanatosha kabisa. Mtume aliulizwa na mabaharia waliokuwa na maji machache ya kunywa, akasema bahari maji yake ni twahara na mfu wake, yaani viumbe wake waliokufa, ni halali. Ila msiwapeleke watoto kutawadha baharini gizani. Wachotieni ndoo mchana.

Wallahu a'lam.