Kinga za nafsi ndani ya chumba cha ushauri: kwa mnasihi anayeanza

Wanafunzi wengi wa ushauri nasaha hukariri orodha mbili. Moja ni ya nadharia: Freud, Rogers, Beck, Perls na wenzao, kila mmoja na mwaka wake. Nyingine ni ya kinga za nafsi: kukana, kuhalalisha, kuhamisha hasira na kuendelea. Mtihani huziuliza mbalimbali, nazo hukaa kichwani mbalimbali. Mteja akishaketi mbele yako, orodha hizo huja kwa pamoja, na hapo ndipo wanaoanza hukwama. Wanaitambua kinga, wanaitaja jina, mteja anajifunga, na kikao kinachofuata hatokei.

Zisome nadharia kwa kuiuliza kila moja swali hili: mteja anapojikinga, unataka nifanye nini? Majibu yanapishana sana, na ukiyajua utaacha kuzichanganya nadharia hata kwenye karatasi ya mtihani.

Kwanza tuelewane kinga ni nini. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, aliandika kuhusu nafsi kujikinga tangu mwaka 1894, na binti yake, Anna Freud, akazikusanya na kuzipanga kinga hizo katika kitabu chake cha mwaka 1936. Kinga hupunguza wasiwasi, aibu au uchungu usiobebeka. Hufanya kazi bila mwenyewe kufahamu. Na ina gharama yake. Hilo la kutofahamu ndilo linaloitenga na uongo. Anayeficha chupa za pombe uvunguni anajua anachofanya. Anayeshika majibu ya vipimo vya ini mkononi na bado anaamini kwa moyo wote kwamba pombe haijamdhuru, huyo anakana. Ukimtendea huyu wa pili kama yule wa kwanza, umemwita mwongo, naye ana haki ya kukasirika.

George Vaillant, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alizipanga kinga katika ngazi nne. Chini kabisa ni kuukataa uhalisia wenyewe, kama inavyoonekana katika baadhi ya magonjwa makali ya akili. Zinafuata kinga changa, kama kumbandika mwenzako hisia zako au kufanya fujo badala ya kuhisi. Ya tatu ni ngazi ya kusukumia ndani, kuhamisha na kugeuza hisia kinyume. Juu ni zile zilizokomaa: ucheshi, kujitolea kwa wengine, kuelekeza nguvu za hisia kwenye kazi yenye manufaa, na kuahirisha jambo kwa makusudi mpaka wakati wake ufike. Hii ya mwisho mtu huifanya akijua, ndiyo maana baadhi ya walimu hukataa kuiita kinga. Ngazi hizi zina faida moja kubwa kwako: kadiri kinga ilivyo ya chini, ndivyo unavyotakiwa kwenda polepole, kwa sababu huenda ndiyo nguzo pekee iliyobaki imesimama.

Zipo kinga ambazo wanafunzi huzichanganya kila mwaka. Ili kuzitenganisha, jiulize: hisia yenyewe iko wapi, na inaelekezwa kwa nani? Mfanyakazi aliyefokewa na bosi akarudi nyumbani kufokea watoto anajua ana hasira. Ni shabaha tu iliyobadilika. Hiyo ni kuhamisha. Mfanyakazi anayemchukia bosi wake lakini anasema, "Bosi ananichukia," ameibandika hisia yake kwa mwingine na haioni tena ndani yake. Methali ya nyani haoni kundule inakaribia hapo, ila haifiki: nyani wa methali hulicheka kundu la mwenziwe, ilhali mtu anayebandika huona kwa mwenziwe kitu ambacho ni chake mwenyewe.

Kuhalalisha ni sizitaki mbichi hizi: sababu nzuri inayokuja baada ya tendo au hasara. Kujificha nyuma ya maelezo ni jambo lingine. Mtu aliyeambiwa ana saratani anakueleza hatua zake, dawa zake na uwezekano wa kupona, kwa sauti ya mhadhiri, bila tone la hofu. Habari anazo zote, kilichotengwa ni hisia. Naye anayekana hukataa jambo lililo nje yake, mfano kifo au ugonjwa, wakati anayesukumia ndani amelisahau au halihisi jambo lililo ndani yake. Kugeuza kinyume utakutambua kwa kuzidi kwake: upole usiopumua, sifa zisizo na kituo kwa mtu ambaye, kwa yote uliyosikia, amemuumiza mteja vibaya.

Chumbani, kinga haiji na jina lake. Angalia pale maneno na mwili vinapokataa kwenda pamoja, kama tabasamu katikati ya habari ya msiba. Sikiliza "mimi" inapogeuka "watu" au "mtu unajisikia vibaya". Angalia mada inayobadilishwa kila mnapofika pale pale, na kuchelewa au kukosa kikao baada ya kikao kizito. Tukio moja lisikutoshe. Subiri jambo lijirudie mara mbili tatu, katika mada tofauti, kisha liandike kama dhana yako wala si kama ukweli kuhusu mteja.

Wafuasi wa Freud hujibu lile swali la mwanzo, nifanye nini mteja anapojikinga, kwa kusema: mwonyeshe. Lakini wana utaratibu, na anayeanza huuruka. Mwingereza David Malan aliuchora kama pembetatu: kinga, wasiwasi, na hisia iliyofichwa. Unaanza na kinga yenyewe, kwa lugha ya kawaida: "Naona kila tukifika kwa baba yako, tunahamia kwenye habari za kazini." Unanyamaza. Akikubali, unagusa wasiwasi: "Kuna kitu kinaogopesha hapo?" Hisia iliyofichwa huja mwisho, na ikiwezekana aitaje yeye. Kosa la kawaida ni kuanza na pembe ya mwisho, "Kwa kweli unamchukia baba yako," hata kama uko sahihi. Ukiisema hisia kabla ya kinga kulegea, umempa kitu kipya cha kujikinga nacho, na safari hii adui ni wewe. Tafsiri ya namna hii isitolewe katika vikao vya mwanzo, na isizidi moja kwa kikao.

Carl Rogers, mwanzilishi wa ushauri unaomweka mteja katikati, alijibu kinyume kabisa: usiiguse. Kwake mtu hukana au hupotosha anayoyapitia kwa sababu yanapingana na picha aliyonayo kuhusu nafsi yake. Tishio likipungua, kinga hukosa kazi na hulegea yenyewe. Katika makala yake ya mwaka 1957 alitaja masharti sita ya mabadiliko, na matatu ndiyo yanayokuhusu zaidi: kuwa mkweli kwa unachohisi, kumkubali mteja bila masharti, na kuelewa kwa undani anavyoona yeye. Kwa vitendo ni kumrudishia maana ya alichosema pamoja na hisia yake. Mteja akisema, "Mama hajapiga simu tangu nijifungue, lakini ana kazi nyingi," usirudie maneno yale yale kama kasuku. Sema, "Unamwelewa, na bado ulitamani apige." Nusu ya kwanza inaiheshimu kinga, nusu ya pili inaufungua mlango kidogo. Hiyo "na bado" ifanyie mazoezi, maana anayeanza husema "lakini", na "lakini" inaifuta nusu ya kwanza.

Tiba ya utambuzi na tabia, iliyokuzwa na Aaron Beck kuanzia miaka ya 1960 sambamba na kazi ya Albert Ellis, haitumii sana neno kinga. Huzungumzia kukwepa, na mawazo yanayokuja yenyewe. Zana yake maarufu ni jedwali la mawazo lenye safu saba: tukio, hisia na ukali wake kutoka 0 hadi 100, wazo lililokuja, ushahidi unaoliunga mkono, ushahidi unaolipinga, wazo lenye mizani, na hisia ikipimwa upya. Ni zana nzuri, na ndipo mteja anayejificha nyuma ya maelezo hupata maskani. Anajaza safu zote kwa mwandiko safi, hoja zimenyooka, na hisia iliyokuwa 80 inabaki 80. Ukiona hivyo rudi kwenye safu ya hisia. Mara nyingi ameandika "nilihisi kwamba hanijali", ambalo ni wazo; hisia huandikwa kwa neno moja: huzuni, woga, aibu, hasira. Mwulize aliihisi wapi mwilini, ngoja jibu, ndipo mwendelee.

Kwa hofu, tiba hii hutumia ngazi ya kukabili. Andikeni hatua kama kumi kutoka rahisi hadi ngumu, kila moja ikiwa na alama ya woga kati ya 0 na 100, kipimo alichokianzisha Joseph Wolpe. Anzeni na hatua ya alama 30 au 40. Inapoharibika, aghalabu ni kwa sababu mteja amebeba kitu cha kumlinda: anapanda lifti huku ameshika simu tayari kupiga, halafu anaamini simu ndiyo iliyomwokoa.

Kwa wateja wenye pombe na dawa za kulevya, jifunze mapema mahojiano ya kuhamasisha ya William Miller, yaani mazungumzo yanayomsaidia mteja azitaje mwenyewe sababu zake za kubadilika. Mwaka 1983 aliandika hoja iliyowashtua wengi: kile tunachokiita kukana kwa mlevi mara nyingi huzaliwa na namna mshauri anavyozungumza naye. Ukimsukuma akubali, atatetea upande wa pili, na kila anavyoutetea ndivyo anavyouamini. Kipimo ni chepesi: kwa kila swali unalouliza, lenga kumrudishia maana mara mbili. Rekodi kikao kwa ridhaa ya mteja, uhesabu. Wengi wanaoanza hukuta maswali yamezidi mno.

Fritz Perls, katika Gestalt, tiba inayokazia kile mteja anachohisi sasa hivi, angekuomba umwambie mteja abadilishe "watu" iwe "mimi" na kuzungumza na kiti kitupu kana kwamba mhusika amekikalia. Kuna nguvu hapo, na ndiyo sababu zoezi la kiti halifai kikao cha kwanza wala mtu mwenye kiwewe kibichi. Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waanzilishi wa tiba fupi inayolenga suluhisho, huizunguka kinga: kutoka 0 hadi 10 uko wapi leo, na ukipanda hatua moja utaona nini kimebadilika? Ukiwa na vikao vitatu tu, hiyo ni njia ya busara.

Zipo nyakati ambapo kinga haiguswi kwa nadharia yoyote. Siku za mwanzo baada ya msiba au habari mbaya, kukana ni ganzi ya kawaida, mwache apumue. Anayeishi na mtu anayempiga anahitaji mpango wa usalama kabla ya kuelewa lolote kuhusu nafsi yake. Anayedokeza kutaka kufa aulizwe waziwazi, kwa neno lenyewe, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akiwa na mpango, njia na wakati, usimwache peke yake, na msimamizi wako ajue siku hiyo hiyo. Halafu kuna kisichokuwa kinga kabisa: mtu aliyepata kiharusi, hasa upande wa kulia wa ubongo, anaweza kusisitiza kwamba mkono uliopooza unafanya kazi. Hilo ni jeraha la ubongo. Mpeleke kwa daktari.

Kuhusu kuchagua, shika nadharia moja kwa mwaka mzima wa kwanza, uijue hadi inapokosea. Kuchota huku na huku mapema huonekana kama upana wa elimu, lakini mara nyingi ni mnasihi anayekimbia pale kikao kinapokuwa kigumu. Na kila unapofika kikao cha tatu, pima mambo matatu aliyoyataja Edward Bordin mwaka 1979: mmekubaliana mnataka kufika wapi, mmekubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuna kuaminiana? Moja likikosekana, usiite kinga ya mteja kile ambacho ni kutoelewana kwenu.

Baada ya kila kikao andika mistari minne: alichofanya mteja nilipokaribia jambo gumu, ninachodhani kinalindwa, nilichofanya mimi, na nilichohisi mimi. Huo wa nne usiuache wazi. Ukikuta umeandika nadharia mahali pa hisia, au unampenda mteja fulani kupita kiasi, au unaombea mwingine asije, mstari huo ndio wa kwanza kuupeleka kwa msimamizi wako.