Umelipia 10 Mbps na yashuka kwa 1.2? Gawanya kwa nane kwanza

Ndugu yangu wa Kisauni unayeuliza mbona umelipia wifi ya 10 Mbps na ukidaunlodi kitu kompyuta yakuonyesha 1.2 pekee, na sasa wataka kuvunja mkataba kesho asubuhi, ngoja kwanza. Hili lilinipata nikiwa na saiba yangu (duka la intaneti) Majengo na nkamkosea mtu asiye na hatia.

Alikuja mwalimu mmoja na flashi, ataka video ya masomo ya 700 MB. Nkamwambia kaa mwalimu, dakika moja na kitu, maana nlipiga hesabu kichwani, 700 gawanya kwa 10 ni sekunde 70. Akakaa. Dakika tano zikapita, saba, mwalimu aangalia saa, ule mstari wa kijani bado watambaa, yamaliza ni dakika tisa na zaidi. Nkapigia watu wa wifi nimewaka, wakaleta kijana fundi na nkamfokea mbele ya wateja. Hakunirudishia hata neno baya. Alichukua risiti, akaigeuza nyuma, akaandika b ndogo na B kubwa, akasema, "Mzee, hii ndogo ni biti, hii kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti nane."

Basi. Wauza neti huuza kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo hiyo Mbps, kompyuta ikishusha faili huhesabu megabaiti, ndiyo MB. 10 gawanya kwa 8 ni 1.25, na 700 gawanya kwa 1.25 ni sekunde 560, zile dakika tisa na ushei za mwalimu. Kwa hivyo hiyo 1.2 yako ndugu yangu ni haki yako kamili. Yule kijana nlimuomba radhi siku ileile na ndio maana naandika marefu hivi, sitaki mwengine afokewe kwa kosa lisilo lake.

Bando nalo ni jambo jengine, watu walichanganya sana pale saiba. Mbps ni kasi ya mfereji, GB ni maji yaliyo kwenye mtungi. Kwa 10 Mbps kamili, GB moja yaisha kwa sekunde 800, dakika kumi na tatu na kidogo. Kwa 40 Mbps ni dakika tatu na sekunde ishirini. Mtu ahamia kwa neti ya kasi kisha alia bando limeliwa, kumbe simu ikiona neti nzuri video nyingi hujipandisha ubora zenyewe.

Na ile flashi ya 64 GB ambayo Windows husoma 59.6 hujauziwa feki (japo feki zipo). Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024, na kutoka baiti hadi GB hesabu hiyo hurudiwa mara tatu, pengo ndilo hilo.

Kuna mmoja pia kasema sisi Mombasa tungekuwa na neti ya kasi kuliko wote kwa vile kebo za baharini zatokea hapa kwetu. Ni kweli kebo ya TEAMS ilifika hapa 2009 kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, na kebo nyengine, SEACOM, ikawashwa mwaka uohuo, lakini kebo kuwa karibu na nyumba yako haikuongezei kitu, kasi yako ni ya ile laini uliyolipia na mnavyogawana na majirani, saa mbili usiku kila nyumba iko kwenye video.

Sasa fanya hivi. Chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, usitumie wifi, zima simu zote za watoto, upime kasi asubuhi na upime usiku, siku tatu, kila kipimo ukipige picha. Kipimo cha kasi huwa kwa Mbps kwa hivyo hapo usigawanye, linganisha tu na 10 yako. Ukiona asubuhi pia ni nne au tano, hapo wapigie na hizo picha mkononi, na mimi nitumie nizione.