Kabla hujasoma hewani kwamba ndege "imenusurika kuanguka"

Wadogo zangu mnaoanza dawati la habari redioni hapa Kigoma, kuna habari itawafikia mapema sana: ndege kubwa huko ng'ambo imekatisha safari kwa hitilafu ya kiufundi. Itakuja imeshapikwa, ina idadi ya abiria, neno "yanusurika" na picha ya ndege ambayo huenda hata siyo yenyewe. Msiisome hivyo hivyo.

Mtu wa Ujiji mwenye mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili anatusikiliza. Kwa treni mgonjwa huyo atakaa njiani karibu siku mbili. Tukimtisha bure tukaitia ndege doa, mgonjwa ndiye anayeumia. Hilo linanikera kuliko kosa lolote la sarufi.

Anzeni kwa kuuliza ni kifaa gani kimeharibika, kazi yake nini, na kama kipo kingine kinachofanya kazi hiyo hiyo. Ndege ya abiria yenye injini mbili haipewi cheti mpaka ithibitishwe kwamba injini moja ikizimika wakati wa kupaa, iliyobaki inaitosha kuendelea na kurudi kutua. Kioo cha mbele cha rubani kina tabaka kadhaa. La nje likipata ufa, ya ndani yanabeba mgandamizo wa hewa. Isitoshe kila ndege ina orodha iliyoidhinishwa ya vifaa vinavyoweza kuwa vibovu na bado ikaruka, pamoja na masharti na muda wa kuvitengeneza: vingine siku 3, vingine 10, vingine hadi 120. Kwa hiyo ndege kuruka na kifaa kibovu peke yake si kashfa. Kashfa ni kuruka nje ya orodha hiyo.

Jueni pia kwamba habari moja kubwa huzaa nyingine ndogondogo. Novemba 4, 2010, injini ya Airbus A380 ya Qantas ilipasuka muda mfupi baada ya kuondoka Singapore, vipande vikaangukia kisiwa cha Batam. Watu 469 walitua salama. Hiyo ilikuwa habari nzito kweli. Kesho yake Boeing 747 ya shirika hilo hilo, ndege ya injini nne, ilizima injini moja ikarudi Singapore, ikatangazwa dunia nzima. Siku ya kawaida ingepita kimya.

Ila msije mkageuka wapuuzaji, na hapa naomba mtulie. Januari 2013 kila kitu cha Boeing 787 kilikuwa habari: mafuta yamevuja Boston, kioo cha rubani kimepata ufa Japani, breki zimesumbua. Mwandishi aliyechoka angesema ni ndege mpya, zote huanza hivyo. Kwa kioo na breki angekuwa sahihi. Lakini katika lundo hilo hilo kulikuwa na betri ya lithiamu iliyowaka ndani ya ndege iliyoegeshwa Boston Januari 7, na Januari 16 betri ya aina hiyo hiyo ikailazimisha ndege nyingine kutua Takamatsu, Japani. Ndege zote za aina hiyo, 50 wakati huo, zilisimamishwa, zikarudi kazini Aprili zikiwa na betri iliyofanyiwa marekebisho. Kilichopaswa kumshtua mwandishi ni kifaa kile kile kuharibika kwa namna ile ile ndani ya siku chache. Boeing 737 MAX ya Lion Air iliyoua watu 189 Oktoba 29, 2018 ilikuwa, katika safari ya usiku uliotangulia, imesumbuliwa na hitilafu ile ile iliyokuja kuiangusha, ikatua salama, na hakuna aliyeitangaza. Hitilafu ikijirudia, hiyo fuateni usiku na mchana.

Zile za hapa nyumbani mtazipata kwa simu. Abiria atapiga kutoka uwanjani: "Ndege imeharibika, tumeshushwa!" Anasema kweli, amekaa muda mrefu na hajaelezwa kitu. Mwambieni pole, kisha mwulizeni taratibu: mlikuwa mmeshapaa au bado mko chini? Rubani alitangaza nini, kwa maneno yake? Moshi umeuona wewe au umeambiwa? Mara nyingi utakuta ndege haikuondoka kabisa, fundi alikataa kuisaini. Basi habari yako ni abiria waliokwama, wapewe chakula na maelezo. Hilo ni haki yao, mwulizeni meneja wa kituo bila kumung'unya maneno. Halafu pigeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wasipojibu, semeni hewani kwamba tumewatafuta.

Ikiwa ni ajali yenyewe, utaratibu wa kimataifa unataka ripoti ya awali ya uchunguzi ndani ya siku 30. Iandikeni tarehe hiyo kwenye ubao wa dawati siku ile ile, na ikifika ombeni ripoti, hata kama mhariri wenu ameshahamia kwenye bei ya dagaa.