Mmea wa kijani usikudanganye: kwa wanaoanza kuboresha maharage Kigoma

Vijana mnaokuja kujifunza kuboresha maharage huku kwetu, shikeni kwanza hili: mmea uliobaki kijani shambani si lazima uwe na kinga ya batobato, ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka. Huenda vidukari havikuufikia tu. Virusi vya batobato huanzia ndani ya mbegu, kisha vidukari huvieneza. Kidukari kikidunga mmea mgonjwa kwa sekunde chache, tayari kimebeba. Ndiyo maana dawa ya kupulizia haisaidii sana. Na Kasulu, Buhigwe hadi Kibondo, wakulima wengi wanapanda mbegu ya mavuno yao wenyewe, kwa hiyo ugonjwa unalala nao ghalani na kurudi nao shambani.

Basi iambukize miche wewe mwenyewe, uone ipi ina kinga kweli. Twanga majani mabichi yenye ugonjwa pamoja na maji ya bafa (yenye chumvi za kutuliza uchachu) yaliyopozwa, nyunyiza unga wa kaborandamu (unga mgumu wa kukwaruza jani kidogo ili virusi viingie) kwenye majani mawili ya kwanza ya mche, paka kwa kidole bila kuyachana, kisha suuza. Miche yote ipate, pamoja na aina unayojua kuwa haina kinga. Hiyo isipougua, jaribio zima limekufa, rudia.

Sehemu ngumu ni jeni, yaani vipande vya urithi vinavyobeba sifa za mmea. Jeni iitwayo I huzuia batobato ya kawaida, na mmea wenye nayo haupitishi virusi kwenye mbegu. Lakini Afrika Mashariki tuna kirusi ndugu yake, kile cha mizizi myeusi. Kikiingia kwenye mmea wenye I peke yake, kilele kinanyauka, mishipa ya majani inakuwa myeusi, na ukipasua shina unakuta weusi umeshuka hadi mizizini. Mbegu mbovu haipatikani, ni kweli, ila mkulima naye havuni kitu. Kumpa mkulima wa huku aina ya namna hiyo, kwangu mimi, ni kumwonea.

Dawa yake ni kuongeza jeni nyingine ya kinga, iitwayo bc-3. Hii ni jeni dhaifu: lazima itoke kwa wazazi wote wawili ndipo ifanye kazi, kwa hiyo kizazi cha kwanza cha kuchanganya aina mbili kinaibeba bila kinga yake. Msikiambukize kizazi hicho, mtaua mchanganyiko wenu wote. Subirini kizazi cha pili, ambako kwa wastani mmea 1 kati ya 4 utakuwa nayo kamili. Tena bc-3 ikishafanya kazi inaificha I. Kwa macho hamtajua kama I ipo au haipo. Hapo pelekeni majani maabara yapimwe vinasaba.

Na msisubiri aina ikamilike ndipo mwende gulioni. Nendeni mapema, mwaulize akina mama wanataka rangi gani, inaiva haraka kiasi gani, mchuzi wake ukiungwa kwa mawese unakuwa mzito au mwepesi. Majibu yao yaandikwe kwenye daftari lile lile mnaloandikia alama za ugonjwa za kila mmea, safu ya pembeni yake, tangu msimu wa kwanza.