Miaka 11 na protini moja: jibu kwa mdogo wetu anayetaka kutafiti magonjwa ya ubongo

Mdogo wangu, umeuliza mtu wa baiolojia ya molekuli anafanya nini hasa kwenye magonjwa ya ubongo, na kama kuna maisha humo. Nimeifanya kazi hiyo miaka 11 Ujerumani, uzamivu kwanza, halafu mikataba miwili ya utafiti. Nakueleza niliyoyaona mimi.

Muda wote huo nimeishi na protini moja, alfa-sinukleini. Ni mnyororo wa asidi amino 140, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Wewe unayo, mimi ninayo, na haina noma hadi ianze kujikunja vibaya na kugandana. Mabonge ya namna hiyo daktari Friedrich Lewy aliyaona kwa darubini mwaka 1912, kwenye ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kutembea kwa shida. Yameumbwa na nini? Jibu likaja 1997. Mwaka huo iligunduliwa hitilafu ya jeni ya protini hii katika ukoo wenye asili ya Contursi, Italia, uliokuwa ukirithishana ugonjwa, na mwaka huohuo watafiti wengine wakaonyesha kwamba mabonge ya Lewy yamejaa protini ileile. Miaka 85! Nakupigia hesabu hiyo makusudi, maana utakuja kudhani wewe ndiye mzembe.

Kazi ya kila siku ni kama mapishi. Unapandikiza jeni ya binadamu kwenye bakteria, wanakutengenezea protini, unaisafisha, unaitikisa siku kadhaa kwenye nyuzi 37 hadi igande, kisha unaimwaga kwenye seli na kusubiri uone zitafanyaje.

Mwaka wa pili nilipata matokeo matamu. Kila nikiweka mabonge yangu, seli za kinga za ubongo zilikuwa zinacharuka. Nikachora grafu, msimamizi akaanza kutaja majarida ya kupelekea makala. Dada mmoja wa maabara, fundi wa siku nyingi asiye na uzamivu wowote, akaniuliza huku anaosha chupa: "Sumu ya bakteria umepima?" Sikuwa nimepima. Kuta za bakteria huacha sumu ambayo chembe yake ndogo tu inatosha kuziamsha seli zile. Nikaisafisha protini upya, nikarudia, na karibu kila kitu kikayeyuka. Miezi minane nilikuwa natafiti uchafu. Kosa langu, sina wa kumsukumia. Tangu siku hiyo matokeo yakipendeza sana huwa nakosa usingizi.

Pesa? Unalipa kodi ya nyumba na kutuma kidogo nyumbani. Mkataba ni miaka miwili mitatu, na ruzuku ikikauka unafungasha.

Ila ningekuwa wewe, ningeanza mahali pengine kabisa. Mimi ni mtu wa Hai, Kilimanjaro. Miaka ya 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani kwetu kutafuta wenye Parkinson, na wengi waliowakuta hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini, sembuse kupewa dawa. Makala hiyo niliisoma nikiwa ugenini, friza imejaa vichupa vya protini yao, na sijawahi kuongea hata na mgonjwa mmoja. Niliona aibu. Baadaye niliomba kukaa kliniki mwezi mmoja, nikajifunza kwamba wengi walikuwa wamepoteza uwezo wa kunusa au wanafunga choo miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Swali langu la utafiti lilibadilika pale. Kwa hiyo omba kukaa kliniki hata wiki mbili kabla hujaandikia profesa yeyote wa nje. Na ukimwandikia, muulize kuhusu mchoro mmoja kwenye makala yake ya karibuni. Barua za "ninavutiwa sana na kazi yako" nilituma zaidi ya thelathini, nikajibiwa tatu.

Halafu kuna mdau mmoja kasema Parkinson inatibika kwa upupu na wazungu wanaficha. Mkuu, hakuna aliyeficha. Mbegu za upupu kweli zina levodopa, dawa ileile ya hospitali, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali ya kuongoza mijongeo ambayo mgonjwa wa Parkinson hupungukiwa. Lakini levodopa, ya kidonge au ya mbegu, ni kujaza maji kwenye pipa linalovuja: mtu anatembea vizuri zaidi, lakini seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinaendelea kufa. Na mbegu moja haifanani na nyingine kwa kipimo. Mzee akizidisha atatapika, au shinikizo la damu litashuka aanguke. Kama babu yako anatetemeka, mpeleke kwa daktari, na kama ameshatumia upupu, mwambieni daktari wazi.