Maswali ya wasomaji: Tuuze shamba ili binti akafanye mazoezi Iten?

Swali: Binti yetu ana umri wa miaka 17 na yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Molo. Mwaka huu alifika mashindano ya kitaifa ya shule katika mbio za mita 1,500. Kocha mmoja anatushauri tumwondoe shuleni, tumpeleke katika kambi ya mazoezi Iten, ambako tutalipa shilingi 15,000 kila mwezi za chumba na chakula, mbali na viatu na nauli. Tayari tumekopa shilingi 60,000 katika chama kwa ajili yake, na kaka yake aliye chuo cha ufundi amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Baba yao sasa anataka kuuza nusu ekari. Mimi ninasita, lakini ninaogopa kuitwa mama aliyezima nyota ya mwanawe. *Mama wa watatu, Molo*

Jibu: Mama, kusita kwako kuna msingi, na ningependa kwanza tuulize ni kitu gani hasa mnachotaka kununua. Iten inasifika kwa sababu iko kwenye kimo cha takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na mwili hulazimika kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi. Molo nayo iko juu kiasi hicho hicho. Binti yako amezaliwa na kukulia katika hewa ambayo Wazungu husafiri kutoka mbali kuifuata, kwa hiyo hakuna haja ya kuuza udongo wa Molo ili kununua hewa ya Iten. Kilichoko kule na ambacho huenda nyumbani hakipo ni kundi la wasichana wenye kasi ya kumvuta. Hilo nalikubali, ila linaweza kupatikana kwa wiki chache wakati wa likizo bila kumkatiza masomo.

Sasa tuhesabu. Shilingi 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni 900,000, kabla ya kununua hata jozi moja ya viatu vya misumari. Sikuchagua miaka mitano kwa kubahatisha. Faith Kipyegon, aliyekulia Keringet katika kaunti hii hii yetu ya Nakuru, alimaliza wa nne katika mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 2010 huko Bydgoszcz, Poland, akiwa miguu mitupu. Mwaka uliofuata alishinda taji hilo, mwaka 2012 akawa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 1,500 mjini Barcelona, na dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ikaja mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro. Kipaji cha namna hiyo, ambacho hutokea kwa nadra hata katika nchi yetu yenye wakimbiaji tele, kilihitaji miaka mitano kutoka taji la kwanza la vijana hadi kilele. Familia nyingi hudhani kwamba mtoto akishashinda katika daraja la vijana pesa huanza kuingia, ilhali mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 hutoa medali na si hundi. (Wala nisieleweke kwamba miguu mitupu ndiyo siri, mnunulie binti viatu vya mazoezi vilivyo imara, na mvibadilishe soli zinapoisha.)

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kaka mtu. Mtoto akijua kwamba ndugu yake yuko nyumbani na nusu ekari imeondoka kwa ajili ya miguu yake, atakimbia akiwa na maumivu ya mfupa badala ya kusema anaumwa, na akiambiwa na mtu pembeni kwamba ipo sindano ya kumwongezea pumzi, atakuwa na sababu nzito ya kumsikiliza. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni mwaka 2016, na adhabu ya kawaida kwa makosa makubwa ni kufungiwa miaka minne.

Kwa hiyo mrudisheni kijana chuoni kwanza. Binti naye abaki shuleni, kwa kuwa vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vimewafadhili wakimbiaji wetu wengi, hukagua matokeo ya sekondari pamoja na muda anaomaliza mbio. Muulizeni mwalimu wa michezo kama ipo shule ya bweni yenye timu imara inayoweza kumpunguzia karo. Pesa za nyumbani ziende kwenye maziwa, mayai, maharagwe na nauli ya mashindano. Kuhusu kocha, mwambieni hivi kwa heshima: kama anaamini binti atashinda, aandike mkataba wa kulipwa kutokana na zawadi atakazopata, kama mawakala wa riadha wanavyokata sehemu yao, ambayo kwa desturi ni asilimia 15. Akikataa, mtakuwa mmejua imani yake ina uzito gani.

Na mzee akishikilia kuuza au kuweka rehani, kumbuka kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kisheria bila ridhaa yako, na shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Mbele ya bodi hiyo una haki ya kusema. Watakaokuita mzima nyota waombe wachangie hiyo 15,000.

Swali: Mwanangu wa miaka 16 ni mshambuliaji wa timu ya shule hapa Kisumu. Mtu anayejiita ajenti anadai shilingi 180,000 za viza na tiketi ili ampeleke majaribio Uhispania. Nikope katika sako? *Mzazi, Kondele*

Jibu: Usikope, ndugu yangu. Ibara ya 19 ya kanuni za uhamisho za FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wanapohama kwa sababu zisizohusiana na soka. Hata kijana akiwashangaza Wahispania kwa mabao, hawataweza kumsajili. Mwombe pia mtu huyo leseni yake, maana tangu mwaka 2023 maajenti wanatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na majina yao yanaweza kuhakikiwa katika tovuti ya shirikisho hilo.

Mtafutie badala yake klabu iliyosajiliwa hapa nyumbani. Mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Fedha hizo si za mzazi, lakini ndizo zinazoipa klabu ya mtaani sababu ya kumlea bila kukutoza. Kama umeshamtumia ajenti huyo chochote, hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo na uende kuripoti polisi kabla hajazima simu.